Robert Koch

Heinrich Hermann Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtafiti wa bakteria kutoka nchini Ujerumani. Alithibitisha kwamba ugonjwa wa kimeta husababishwa na bakteria wa aina moja (1876), akagundua bakteria wa kifua kikuu (1882), na akaonyesha bakteria wanaoleta kipindupindu (1884). Mwaka 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa utafiti wake juu ya kifua kikuu. Pamoja na Mfaransa Louis Pasteur anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa elimu ya bakteria.

Koch ana nafasi pia katika historia ya Afrika Mashariki. Alifanya utafiti katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani (Tanzania bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi) mwaka 1897-1898 na tena mwaka 1905. Mwaka 1906 alifika Mwanza akiongoza msafara wa kuchunguza ugonjwa wa malale katika Ziwa Viktoria. Huko alitumia dawa ya arseniki iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa wake. Kwa sababu hiyo anakumbukwa kwa mambo mawili: njia zake za kuthibitisha chanzo cha ugonjwa, ambazo bado zinatumika katika maabara duniani kote, na majaribio yake ya tiba, ambayo mara mbili yalitangulia uthibitisho.

Maisha ya awali

Koch alizaliwa katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, wakati huo sehemu ya Ufalme wa Hannover. Ulikuwa mji wa machimbo ya fedha na risasi, na baba yake, Hermann Koch, alikuwa afisa wa migodi. Robert alikuwa mmoja wa watoto 13. Inasimuliwa kwamba alijifunza kusoma mwenyewe kwa kutumia magazeti kabla ya kuanza shule.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na baada ya muda mfupi akachagua kusomea tiba. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jakob Henle, aliyewahi kuandika mwaka 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai wadogo mno. Wakati ule wazo hilo halikuwa na ushahidi, na madaktari wengi walidai kwamba magonjwa hutokana na hewa chafu. Koch alipata shahada ya udaktari mwaka 1866.

Mwaka 1867 alimwoa Emmy Fraatz, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao pekee, Gertrud. Alifanya kazi katika miji kadhaa midogo, kisha akajitolea kuwa daktari wa jeshi katika vita kati ya Ufaransa na Ujerumani (1870-1871).

Kimeta

Mwaka 1872 Koch aliteuliwa kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein (leo Wolsztyn nchini Poland). Hakuwa na maabara ya chuo wala msaidizi. Alitenga sehemu ya chumba chake cha kutibia wagonjwa, akaweka hadubini na panya, na akafanya utafiti baada ya kazi za mchana.

Katika wilaya hiyo kimeta kiliua kondoo na ng'ombe wengi, na mara kwa mara watu waliowachuna. Watafiti wengine walikuwa wameshaona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa, lakini haikujulikana kama vijiti hivyo ni chanzo cha ugonjwa au ni matokeo yake. Tena haikueleweka kwa nini wanyama waliambukizwa kwenye malisho ambako hakukuwa na mnyama mgonjwa kwa miaka mingi.

Koch aliwachoma panya kwa vijiti vya mti vilivyochovywa katika damu ya mnyama mgonjwa, nao wakafa kwa kimeta. Kisha alikuza bakteria hao nje ya mwili, katika maji ya jicho la ng'ombe, akawahamisha mara nyingi kutoka tone hadi tone mpaka isibaki damu yoyote ya mnyama wa kwanza. Bakteria wa tone la mwisho waliua panya sawa na wale wa tone la kwanza. Aliona pia kwamba mazingira yakiwa mabaya bakteria hao hugeuka kuwa spora, yaani mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni miaka mingi na kuamka tena zikiingia mwilini mwa mnyama. Hivyo fumbo la malisho likapata jibu.

Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kumwonyesha mtaalamu wa mimea Ferdinand Cohn majaribio yake. Cohn aliyachapisha katika jarida lake mwaka huohuo. Ilikuwa mara ya kwanza bakteria wa aina moja kuthibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa mmoja.

Maambukizi ya majeraha

Baada ya kimeta Koch aligeukia tatizo lililowasumbua madaktari wa upasuaji na wa jeshi. Wagonjwa wengi hawakufa kwa jeraha lenyewe, bali kwa usaha, kuoza kwa nyama na sumu katika damu zilizofuata siku chache baadaye. Bakteria walionekana katika vidonda hivyo, lakini wataalamu wengi waliamini kwamba bakteria wote ni wa namna moja wanaobadilika umbo, au kwamba hujitokeza tu mahali ambapo mwili umeshaharibika.

Katika kitabu chake cha mwaka 1878 Koch alieleza jinsi alivyowaambukiza panya na sungura kwa vitu vilivyooza. Alipata maradhi sita tofauti, na kila moja lilikuwa na bakteria wake wasiobadilika hata wakihamishwa kutoka mnyama hadi mnyama. Ili kuwaona alitumia rangi za viwandani na lenzi mpya kutoka kwa Carl Zeiss na Ernst Abbe mjini Jena. Alikuwa pia kati ya watu wa kwanza kupiga picha za bakteria kupitia hadubini.

Kazi hiyo ilikuwa mwanzo wa kuelewa maambukizi ambayo leo huitwa nyemelezi, yaani yale yanayongoja mlango ufunguke: ngozi ikikatwa, mwili ukidhoofika au kinga ikishuka. Mwaka 1881 Koch na wasaidizi wake walionyesha pia kwamba mvuke wa maji yanayochemka huua bakteria na spora vizuri kuliko hewa kavu yenye joto. Vifaa vya upasuaji hutakaswa kwa mvuke hadi leo, hata katika zahanati ndogo.

Maabara ya Berlin

Mwaka 1880 serikali ilimwita Koch Berlin katika Ofisi ya Afya ya Dola ya Ujerumani. Wasaidizi wake wa kwanza walikuwa madaktari wa jeshi Friedrich Loeffler na Georg Gaffky.

Shida kubwa ilikuwa kutenganisha bakteria. Katika supu ya kukuzia, aina mbalimbali zilichanganyika. Koch aliona kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichopikwa kila bakteria hubaki mahali pake na kuzaa doa lake la pekee, lenye bakteria wa aina moja tu. Akaanza kutumia jelatini, lakini hii iliyeyuka kwenye joto. Fanny Hesse, mke na msaidizi wa mtafiti Walther Hesse, alipendekeza agari, utomvu wa mwani wa baharini aliokuwa akiutumia jikoni kugandishia vyakula. Agari haikuyeyuka. Mwaka 1887 Julius Richard Petri, msaidizi mwingine, alibuni kisahani chenye kifuniko kinachojulikana kwa jina lake. Kisahani cha Petri chenye agari bado ni kifaa cha kila siku katika maabara za hospitali.

Kifua kikuu

Katika karne ya 19 kifua kikuu kilikuwa kati ya magonjwa yaliyoua watu wengi zaidi Ulaya. Koch mwenyewe alikadiria kwamba mtu mmoja kati ya saba alikufa kwa ugonjwa huo. Wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa kurithi.

Bakteria wake walikuwa wagumu kuonekana kwa sababu wana ganda lenye nta linalozuia rangi, na hukua polepole sana. Koch alipata njia ya kuwapaka rangi ya buluu huku sehemu nyingine zikibaki kahawia. Aliwakuza juu ya seramu ya damu iliyogandishwa, akisubiri wiki kadhaa mahali ambapo bakteria wengine huonekana baada ya siku moja au mbili. Hatimaye aliwadunga simbilisi, wanyama wadogo wanaofugwa kama sungura, nao wakapata kifua kikuu.

Tarehe 24 Machi 1882 alitoa taarifa hiyo mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin, akiwa ameleta vielelezo vingi ili kila mmoja ajionee kwa hadubini. Siku hiyo ya 24 Machi huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Kipindupindu

Mwaka 1883 kipindupindu kililipuka Misri, na Koch alitumwa huko na serikali yake. Timu ya Ufaransa nayo ilikuwa Aleksandria. Mmoja wao, Louis Thuillier, alikufa kwa ugonjwa huo. Mlipuko ulipopungua Koch aliendelea hadi Calcutta nchini India. Mapema mwaka 1884 alifaulu kukuza bakteria wenye umbo la mkato katika hali safi, akawaona pia katika bwawa ambalo watu walichota maji ya kunywa. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa ameshawaona bakteria hao mwaka 1854, lakini kazi yake ilipuuzwa.

Uthibitisho mkubwa ulikuja mwaka 1892. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg, uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji jirani wa Altona, uliochuja maji ya mto huohuo kwa mchanga, ulisalimika kwa sehemu kubwa ingawa mpaka kati ya miji hiyo ulikuwa barabara tu.

Kanuni za Koch

Kutokana na kazi hizi Koch na Loeffler waliunda masharti ya kuthibitisha chanzo cha ugonjwa wa kuambukiza. Kwa kawaida hutajwa hivi:

1. Kijidudu kipatikane kwa kila mgonjwa wa ugonjwa husika.
2. Kitolewe mwilini na kukuzwa peke yake katika hali safi.
3. Kikiingizwa katika mwili wenye afya kilete ugonjwa uleule.
4. Kitolewe tena katika mwili huo na kuonekana kuwa kilekile.

Koch mwenyewe alitambua kwamba masharti hayo yana mipaka. Bakteria wa kipindupindu hakuweza kuwaambukiza wanyama wa maabara kwa njia ya kawaida, na baadaye walipatikana watu wenye bakteria hao bila kuugua. Magonjwa nyemelezi yanaonyesha mpaka huo waziwazi: bakteria yuleyule hukaa kimya kwa mtu mmoja na kumwua mwingine, kutegemea hali ya mwili uliompokea.

Tuberkulini

Baada ya kupata chanzo cha kifua kikuu Koch alitafuta dawa yake. Mwezi Agosti 1890, kwenye mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Berlin, alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia ugonjwa huo kwa simbilisi. Miezi michache baadaye dawa hiyo, iliyoitwa tuberkulini, ilianza kutolewa kwa wagonjwa. Maelfu walimiminika Berlin. Koch hakueleza jinsi ilivyotengenezwa, kwa hiyo madaktari wengine hawakuweza kuihakiki.

Baada ya muda mfupi ilionekana kwamba wagonjwa wengi hawaponi, na baadhi walikufa baada ya kudungwa. Mtaalamu Rudolf Virchow alichunguza maiti na kueleza kwamba dawa haiui bakteria, bali inaweza hata kuwaeneza mwilini. Ilipojulikana, tuberkulini ilikuwa dondoo la bakteria wa kifua kikuu katika gliserini. Haikufaa kuwa tiba, lakini baadaye ikawa msingi wa kipimo cha ngozi cha kutambua aliyeambukizwa.

Mwaka 1891 Koch alipewa taasisi mpya ya magonjwa ya kuambukiza mjini Berlin. Humo walifanya kazi Emil von Behring, Paul Ehrlich na Mjapani Kitasato Shibasaburo, ambao michango yao iliwezesha tiba ya dondakoo na pepopunda. Mwaka 1893 Koch aliachana na Emmy na kumwoa Hedwig Freiberg, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30. Hedwig aliandamana naye katika safari kadhaa.

Safari za kwanza Afrika

Mwishoni mwa mwaka 1896 Koch alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, kuchunguza sotoka. Ugonjwa huu wa ng'ombe ulikuwa umeshapita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuwafukarisha wafugaji wengi. Koch alipendekeza kuwadunga ng'ombe wazima nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka ili wapate kinga.

Mwaka 1897, baada ya kuchunguza tauni nchini India, alifika Dar es Salaam. Katika koloni hilo alishughulikia malaria, magonjwa ya ng'ombe na tauni. Huko Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, kulikuwa na ugonjwa wa matezi ulioua watu. Daktari wa Kijerumani Zupitza alichukua vielelezo huko na kuvituma kwa Koch, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ulikuwa tauni. Hivyo ilijulikana kwamba tauni ina makao yake ndani ya Afrika, mbali na bandari.

Mwaka 1901 alitoa maoni mjini London kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Tume ya Uingereza ilichunguza na kuona kwamba alikosea: bakteria hao huingia kwa watu, hasa watoto, kupitia maziwa yasiyochemshwa.

Homa ya papasi (1905)

Koch aliacha uongozi wa taasisi yake mwaka 1904, na mwaka 1905 akarudi Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Alitaka kueleza homa iliyowapata wasafiri wa misafara, ikipanda kwa siku chache, ikiondoka, kisha ikirudi tena.

Alichunguza vibanda vya kulala wageni kando ya njia za msafara kutoka pwani kuelekea bara. Katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta alikuta papasi, wadudu wa jamii ya kupe wanaouma usiku. Ndani ya papasi aliona bakteria wembamba waliojipinda, walewale waliokuwa katika damu ya wagonjwa. Aliwaona pia ndani ya mayai ya papasi. Maana yake ni kwamba papasi humrithisha mtoto wake ugonjwa, na kibanda kinaweza kubaki cha hatari hata kama hakijalaza mgonjwa kwa muda mrefu. Ushauri wake ulikuwa rahisi: msafiri asilale kwenye vibanda vya zamani, bali mahali papya hatua chache kando.

Mwingereza Joseph Dutton na Mkanada John Todd walifikia matokeo yanayofanana nchini Kongo wakati huohuo. Dutton alifariki huko mwaka 1905, na bakteria huyo, Borrelia duttonii, anaitwa kwa jina lake. Mwezi Desemba mwaka huo Koch alipokea Tuzo ya Nobel.

Malale katika Ziwa Viktoria (1906-1907)

Tangu mwaka 1900 hivi malale yalikuwa yakiua watu kwa makumi ya maelfu kwenye mwambao wa Uganda. Mgonjwa huanza na homa na kuvimba matezi ya shingo. Vimelea vikifika kwenye ubongo husinzia mchana, hukonda na hatimaye hufa. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba vimelea hivyo, tripanosoma, huenezwa na mbung'o. Serikali ya Kijerumani iliogopa kwamba ugonjwa ungeshuka kusini, kwa kuwa watu wa Kiziba na mwambao wa Mwanza walisafiri Uganda kutafuta kazi na kurudi.

Koch aliondoka Ujerumani mwezi Aprili 1906. Alipitia Tanga na Amani kwenye milima ya Usambara, kisha akafika Mwanza. Wilaya ya Mwanza ya wakati ule ilikuwa bandari ya Usukuma na mlango wa maeneo ya kusini mwa ziwa, ambako leo kuna mkoa wa Geita. Hapo hakupata wagonjwa wa kutosha kwa utafiti wake. Kwa ruhusa ya Waingereza alihamia visiwa vya Ssese nchini Uganda, ambako sehemu kubwa ya wakazi ilikuwa imeshakufa. Alijenga kambi Bumangi pamoja na wasaidizi wake, akiwemo Friedrich Karl Kleine, akakaa huko hadi Oktoba 1907.

Dawa aliyoijaribu iliitwa atoksili, mchanganyiko wenye arseniki. Jina lenyewe linadai kwamba haina sumu. Baada ya sindano, vimelea vilitoweka katika matezi kwa muda wa saa chache, na wagonjwa waliokuwa hawawezi kusimama walianza kutembea. Habari zilienea, na watu walivuka ziwa kwa mitumbwi kuja kutibiwa. Zaidi ya wagonjwa elfu moja walipitia kambi hiyo.

Lakini vimelea vilirudi. Koch aliongeza kipimo kutoka nusu gramu hadi gramu moja. Wagonjwa wakalalamika maumivu ya tumbo na kizunguzungu, na wengine wakaondoka kambini. Kisha 22 kati yao wakapofuka, na macho yao hayakupona. Hapo Koch aliacha kipimo kikubwa, ila hakuiacha dawa yenyewe. Aliporudi Ujerumani aliendelea kuitetea.

Katika utafiti huohuo aligundua kwamba mbung'o wa ziwani hunyonya sana damu ya mamba, akapendekeza mamba wauawe na vichaka vya mwambao vifyekwe. Alipendekeza pia wagonjwa wakusanywe katika kambi maalumu, watengwe na vijiji na kutibiwa humo. Serikali ya koloni ilianzisha kambi za namna hiyo Kiziba na kwenye Ziwa Tanganyika. Wagonjwa wengi walizikwepa, kwa kuwa sindano zilikuwa chungu, tiba haikuwa ya hakika, na aliyeingia alitengwa na jamaa zake.

Wanahistoria wa leo wanataja majaribio haya kama mfano wa tiba ya kikoloni: wagonjwa hawakuelezwa hatari za dawa, na kipimo kiliongezwa kwa namna ambayo isingekubalika kwa urahisi Berlin. Wengine hukumbusha kwamba bila tiba malale huua, na kwamba wakati ule hapakuwa na dawa bora. Hoja zote mbili hazifuti ukweli kwamba somo la tuberkulini, la kutotangulia kutangaza tiba kabla ya uthibitisho, lilikuwa limeshatolewa miaka 16 kabla.

Kleine aliendelea na kazi kandokando ya Ziwa Viktoria, na mwaka 1909 alithibitisha kwamba tripanosoma hukua ndani ya mwili wa mbung'o kabla ya kuambukiza. Koch alikuwa amemfundisha njia za kutafuta uthibitisho huo.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1908 Koch na Hedwig walizuru Marekani na Japani, ambako Kitasato aliwapokea kwa heshima kubwa. Aliporudi aliendelea na utafiti wa kifua kikuu. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi yake mjini Berlin, ambayo leo inaitwa Taasisi ya Robert Koch na inasimamia udhibiti wa magonjwa ya kuambukiza nchini Ujerumani.

Urithi wake katika Kanda ya Ziwa

Mapambano dhidi ya mbung'o yaliendelea chini ya Waingereza. Shinyanga palikuwa na makao ya utafiti wa mbung'o ulioongozwa na Charles Swynnerton hadi kifo chake katika ajali ya ndege mwaka 1938, na Wasukuma walifyeka vichaka kwa maelfu ya ekari ili kuwazuia wadudu hao.

Urithi ulio hai zaidi ni ule wa kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria aliyegunduliwa na Koch, lakini wengi hawaugui kamwe, kwa sababu kinga ya mwili humfungia bakteria huyo ndani ya mapafu. Hutoka kifungoni mwili unapodhoofika. Kwa hiyo kifua kikuu ni ugonjwa nyemelezi unaoongoza kwa kuua watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hatari huongezeka pia kwa mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe kwa muda mrefu, kwa kuwa chembe za silika huharibu seli zinazolinda mapafu. Jambo hili lina uzito katika ukanda wa dhahabu wa Geita, kuanzia machimbo ya vijijini hadi kata za mjini kama Kalangalala, ambako wachimbaji wengi wadogo husaga mawe wakiwa wamezungukwa na vumbi. Koch, aliyezaliwa katika mji wa machimbo, alimgundua bakteria huyo. Namna vumbi na umaskini vinavyomfungulia njia ilieleweka zaidi baadaye.

Tiba ya kweli ilianza kwa streptomaisini miaka ya 1940, zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977 kwa msaada wa Karel Styblo. Uzoefu wa mpango huo, wa kupima makohozi kwa hadubini na kusimamia mgonjwa mpaka amalize dawa, ulikuwa msingi wa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani lilieneza miaka ya 1990. Kiini chake kilikuwa kilekile alichoanza nacho Koch mwaka 1882: kumwona bakteria kwanza kwa hadubini, ndipo kuanza tiba.